Chuma Kilichopinda Mikononi mwa Mtani

Kwaru, kwaru, kwaru. Sauti ilitoka nyuma ya nyumba, ikamtia Theonest ganzi ya meno kabla hajajua ni ya nini. Alipozunguka ukuta alimkuta Mzee Mayala, binamu na mtani wa marehemu baba yake, ameinamia sufuria la matanga, anabandua ukoko wa ugali kwa chuma cha baba, kile chenye mpini mfupi na makali yaliyopinda kama mwezi mchanga.

"Shikamoo. Hicho ni cha kwenye sanduku la baba."

"Marahaba. Kilikuwa. Sasa ni cha mtani." Mayala alitafuna ukoko bila haraka. "Mila unaijua, kikomboe. Kuku sitaki, pombe sitaki. Niambie tu kina kazi gani. Ukishindwa, jioni naondoka nacho Runzewe, kikakwangue masufuria ya kwangu."

Wanawake waliokuwa wakiosha vyombo walitulia, mikono ndani ya povu. Theonest hasira zilimpanda hadi utosini. Jana tu, mbele ya ukoo, aliliomba sanduku lile la zana mwenyewe: mashimo ya dhahabu ya Geita basi, atashika useremala wa baba. Wakampa. Leo chombo kimoja kinamvua nguo.

"Cha kukwangulia nyufa za mwamba," alisema. "Dhahabu hujificha humo."

Mayala alipasua kicheko. "Jamani, seremala wetu kageuzwa mchimbaji akiwa kaburini!"

"Basi cha kuchongea kwato za ng'ombe."

"Ng'ombe gani huyo, mwenye kwato tumboni?" mzee alimdaka.

Theonest alisonya, akawapa mgongo. Ndipo Mwanaidi mama Yasmini, mfanyabiashara aliyetoka Maganzo kuhani, akamwonyesha gogo lililolala ukutani, kuku wamelifanya kiota.

"Mwanangu, hiki ni kinu nilichomwagiza marehemu. Naona hakina mtu wa kukimaliza tena. Lipasueni tu gogo hili, mpate kuni za matanga."

Theonest aliwafukuza kuku, akaingiza mkono. Gogo lilikuwa limechimbwa nusu, na ndani kuta zilijaa alama fupi zilizopinda, zimepangana kama magamba ya samaki. Akazipapasa. Kisha akamwendea Mayala, akanyoosha mkono, na mzee akamwachia chuma.

Alikizamisha ndani ya gogo, akavuta kuelekea kwake. Mara ya kwanza kiliteleza, kikamchubua kidole. Mara ya pili kikang'oa kibanzi chembamba kilichojikunja, na alama yake ikakaa kando ya zile za baba.

"Cha kuchimbia tumbo la kinu," alisema, bado kanuna. "Patasi iliyonyooka haifiki huku."

Mayala alilamba vidole. "Ulivyovimba nilidhani utanitwanga nacho. Kimekombolewa. Ila kakioshe, kina ugali."

Theonest hakucheka. Alimgeukia Mwanaidi, damu ikimtiririka kidoleni.

"Mama Yasmini, gogo lako halipasuliwi. Nitalichimba mimi. Nikiliharibu, nitatafuta jingine nianze upya, lakini kinu utakipata."