Pumzi za Watu Kumi na Wawili

Kitambulisho cha kazi, kile cha zamani chenye picha yake akiwa bado na nywele, ndicho dereva alichokuwa akikwangulia barafu. Alikiinamia kioo cha mbele kama mtu anayeparua ukoko wa sufuria, magamba meupe yakimdondokea viatuni. Vidole vilishakufa ganzi kwa baridi ya alfajiri ya milimani.

"Taratibu, kimwagie maji ya moto tuondoke!" alipaza sauti Redio kutoka ndani.

"Nikimwaga kitapasuka, halafu utakaa wewe hapo mbele uzibe upepo."

"Kwa mwili huu? Hata mbu hapiti!"

Wanawake wakaangua kicheko. Walikuwa kumi na mmoja, washona mashati, wamepangana ndani ya gari la kiwanda kama njiti za kiberiti. Yeye walimwita Taratibu kwa mwendo wake barabarani. Redio aliitwa Redio kwa sababu hazimwi.

Barafu ya nje haikuwa kesi. Kesi ilikuwa ndani. Feni ya kupuliza hewa ya moto kwenye kioo ilikuwa imekufa mwezi wa pili huu, na watu kumi na wawili wakipumua ndani ya gari lililofungwa, kioo huziba kwa ukungu kabla hujaingiza gia ya tatu. Mara tatu Taratibu alikuwa amejaza fomu ya matengenezo. Mara tatu karani wa magari aliirudisha na muhuri: gari halina tatizo. Hata kulisogelea hakulisogelea.

Na lango la kiwanda halina huruma. Saa kumi na mbili na nusu linafungwa, aliyebaki nje anarudi kwake na siku yake imeliwa. Ukifungiwa mara tatu kwa mwezi mmoja, usirudi tena. Shangazi alikuwa nazo mbili tayari, zote za foleni ya zahanati.

Huyo Shangazi hakuwa na undugu na yeyote mle garini, lakini nani angemwita vinginevyo? Ndiye aliyewafundisha nusu yao kushona kola. Alikaa nyuma ya dereva, khanga mdomoni, kifua kikilia kama mlango mbovu.

Gari likang'oka. Hazikupita dakika tano, kioo kikawa maziwa.

"Fungueni madirisha kidogo."

Baridi ikaingia na wembe wake. Shangazi akakohoa, kikohozi kile kinachoanzia magotini.

"Fungeni, fungeni!" wakasema wote.

Wakafunga. Maziwa yakarudi. Mama Pacha, aliyekaa kiti cha mbele, akawa anafuta kwa kitambaa, akimwachia dereva uwazi wa ukubwa wa sahani. Nyuma Redio alikuwa amenoga: "...basi mume anarudi, anamkuta fundi bomba bado yuko chini ya sinki, na bomba lenyewe wala halivuji..."

"Nyamaza, dada yangu."

"Nimekukosea nini?"

"Umbea wako unanizibia kioo."

"Basi nitaongea kwa kuvuta pumzi ndani."

Lakini alinyamaza. Wote wakanyamaza. Wanawake kumi na mmoja wakakaa wakipumua ndani ya khanga na mitandio yao, kidogokidogo, kama watu walioiba hewa. Haikusaidia.

Ndani ya ile sahani akatokea mtu wa baiskeli. Alitokea mzima, na kofia yake. Taratibu akakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Kiganja cha yule mtu kikapiga boneti, paa!

"Unaendesha au unaota?" Akatukana tusi moja refu, akapanda baiskeli, akaenda zake.

Taratibu akazima injini.

"Mwanangu, twende," Shangazi akasema polepole. "Hatukumgonga."

"Shangazi, sioni."

"Najua huoni. Twende hivyo hivyo."

Hakuweza. Akashuka, akafungua milango yote, akafuta kioo mpaka kikakauka, akakisugua kwa kipande cha sabuni kavu cha Mama Pacha, ukungu usishike haraka. Wakaondoka madirisha yakiwa wazi kabisa. Wanawake walimzungushia Shangazi mitandio mitano na kumweka katikati yao kama mwari, na bado alikohoa njia nzima.

Lango walilikuta limefungwa. Walikuwa wamechelewa dakika mbili.

"Ndugu yangu," Taratibu alimwambia mlinzi, "tumecheleweshwa na gari lenu wenyewe."

"Gari linaingia. Gari lina ruhusa. Watu ndio muda wao umekwisha."

"Unajua huyu mama leo ni mara yake ya tatu?"

"Mimi naandika namba tu, kaka."

"Mama yako angekuwa humu?" Redio akafoka.

"Mwache," alisema Shangazi, akishuka. "Mtoto wa watu, naye kaajiriwa." Akaanza kuvua mitandio na kuirudishia wenyewe, mmoja mmoja, akiikunja kwanza.

Taratibu akaliingiza gari tupu. Akamfuata karani wa magari, akamtoa kwenye chai yake. "Leo njoo ukae ndani uone mwenyewe. Nusura niue mtu."

Safari hii karani alikuja. Akaketi kiti cha mbele, milango ikafungwa. Wakangoja. Kioo kilibaki kisafi kabisa. Uliwaona mpaka wanawake kule langoni, moshi wa baridi ukiwatoka midomoni.

"Ukungu uko wapi?"

"Wajaze watu, mzee. Unakuja kwa pumzi za watu."

"Mimi nakagua gari. Watu sikagui." Akaandika, akamsogezea fomu. "Sahihi yako hapa. Halina tatizo."

"Na Shangazi?"

"Shangazi gani?"

Taratibu akaishika kalamu. Vidole vilikataa kujifunga, akaikamata kwa mikono miwili kama mtoto wa darasa la kwanza. Sahihi ikatoka imepinda.

"Haidhuru," alisema karani, akiipuliza wino ukauke. "Inasomeka."