Gari la Kwenda kwa Mama Mdogo

Jumamosi saa nne na robo asubuhi, Mkunga aliingia kwenye yadi ya magari akiwa na mto wa sponji kwapani. Ulikuwa mto wa kukalia. Mwalimu wake wa udereva alimwambia kwamba ili aone boneti yote alipungukiwa kimo cha vidole vinne, naye akashona mto wa vidole vinne kamili, si kimoja zaidi. Alikuwa amestaafu baada ya miaka thelathini na minane ya kuzalisha watoto wa watu. Leseni aliipata mwezi uliopita, jaribio la kwanza, na ilikuwa mkobani, imefungwa kwenye leso.

Nyuma yake alikuja binti yake, fundi wa miwani, aliyekuwa ameombwa asaidie kuchagua. Mbele yao alitangulia mwanawe wa kwanza, ambaye hakuombwa. Nyumbani walimwita Bwana Mkubwa. Alikuwa mtu mwema, mwenye sauti nene, na hapo getini alikuwa ameshavua koti na kuanza kupiga teke matairi ya magari ambayo hakuna aliyeyaulizia.

Walitaka SUV ndogo, rahisi kuegesha lakini iliyoinuka vya kutosha. Sababu ilikuwa moja tu. Mdogo wake Mkunga, ambaye watoto walimwita Mama Mdogo, aliishi juu ya kilima upande wa pili wa mji, mwisho wa barabara ya mawe na makorongo, na miguu yake ilikuwa imegoma. Teksi hazikubali kupanda huko. Bwana Mkubwa alikuwa na gari la chini na ahadi ya Jumapili ijayo, na Jumapili ijayo hiyo ilikuwa imetimiza miaka miwili. Siku hizi kwenye simu Mama Mdogo hakuuliza tena wanakuja lini. Hilo ndilo lililomtia Mkunga hofu hadi akaenda kujiandikisha udereva na umri wake wote.

Muuzaji, kijana wa tai fupi na maneno marefu, aliwafungulia gari jekundu. Mkunga akaweka mto wake, akakaa, akafunga mkanda, akarekebisha kioo. Bwana Mkubwa akafungua mlango wa pili, akakaa pembeni yake.

Usukani ukaondoka. Uliteleza kwenye dashibodi taratibu, kama droo inayovutwa, pedeli zikiufuata kwa chini, ukasimama mbele ya Bwana Mkubwa. Mikono ya Mkunga ilibaki hewani kwa muda. Kisha akaiweka mapajani.

"Hii inateleza vizuri," muuzaji alisema, akiweka tiki kwenye fomu. "Ile ya bluu hukwaruza kidogo ikifika katikati."

"Mwepesi," Bwana Mkubwa alikubali, akiuzungusha.

Kwenye gari la pili, fundi wa miwani alimwomba kaka yake akae nyuma. Alikaa nyuma bila kinyongo. Usukani ukajilaza ubavu, ukapenya katikati ya viti viwili, ukamfuata.

Kwenye gari la tatu ilikuwa bahati. Kabla Bwana Mkubwa hajaingia, simu yake iliita, akaenda kuipokelea getini, na kwa muda wote wa simu hiyo Mkunga aliendesha. Alizunguka yadi mara mbili. Alirudi kinyumenyume kati ya magari mawili mapya, polepole, kwa mikono ileile iliyozoea kupokea vichwa vya watoto, na hakugusa kitu. Halafu akacheka. Binti yake, pembeni, alijaribu kukumbuka mara ya mwisho kukisikia kicheko kile, akaona ni kabla baba yao hajafa. Akaanza kucheka naye.

Simu ikaisha. Bwana Mkubwa alikuja akainama dirishani, upande wa binti, kuuliza kiyoyozi kikoje. Usukani ukamponyoka Mkunga na kukimbilia dirisha lile, gari likayumba, likazimika.

"Mama, jamani! Utagonga watu!"

Fundi wa miwani alishuka, akamvuta muuzaji kando. "Hamna gari ambalo usukani hauhami?"

"Lipo. Lile pale mlangoni, la maonyesho. Ila halina injini."

"Na lenye injini?"

Muuzaji alikuna shingo kwa kalamu. "Dada, nikwambie ukweli? Kiwandani zinatoka zimetulia kabisa. Zikifika hapa zinafuata mazoea ya mteja. Wiki iliyopita kuna familia usukani ulikwenda kwa bibi, tena bibi mwenyewe hataki. Sisi tutafanyaje?"

Mkunga alikuwa amefika nyuma yao, mto kwapani. "Mwache huyu, hana kosa," alisema. "Ni kile kiti."

Binti alikijua kiti. Siku ya tatu baada ya kumzika mumewe, Mkunga alimshika mkono mwanawe wa miaka kumi na mitatu, akamkalisha kwenye kiti cha baba yake, kichwani pa meza, akamwambia kuanzia leo wewe ndiye baba. Mtoto alilia, miguu haifiki chini. Tangu siku ile hakuna aliyemega chakula kabla hajaketi yeye, hata Mkunga mwenyewe akitoka zamu ya saa kumi na mbili na njaa inamzonga.

"Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo," alisema. "Nilimkalisha mwenyewe."

"Basi mwambie ainuke."

Mkunga akafikiri, akaona ni sawa. Akamwendea mwanawe. "Baba, nataka niwe najiendesha mwenyewe."

"Ujiendeshe mwenyewe, kwani mimi nimekufa?" Aliuliza kwa upole, ameumia kweli. "Watu watasemaje, Mama? Nipo. Kwa Mama Mdogo nitakupeleka. Jumapili ijayo."

Fundi wa miwani alifungua mdomo. Alikuwa na maneno, tena makali, aliyoyaweka miaka mingi. Ndipo alipoona kwamba ameshika koti la kaka yake. Alipewa getini, na asubuhi nzima alikuwa amelibeba mkononi, amelikunja vizuri lisije likapata makunyanzi. Aliona aibu, akafunga mdomo.

Bwana Mkubwa alichagua lile jekundu. Wakati anajaza fomu, Mkunga aliingia kwenye gari la mlangoni lisilo na injini, akakalia mto wake. Aliwasha taa ya kukata kushoto. Akatazama kioo. Akasimama kumpisha mtu avuke, ingawa hapakuwa na mtu. Usukani ulitulia mikononi mwake nusu saa nzima, mpaka alipoitwa.

Gari lililala kwa Mkunga, maana lilikuwa lake. Usukani peke yake uliondoka kila asubuhi na Bwana Mkubwa kwenda kazini, gari likabaki, na mahali pake palibaki kifuniko safi cha plastiki. Jumatano binti alikuja wakalipangusa vumbi pamoja. Jumapili ya kwanza Bwana Mkubwa alikuwa na kikao. Ya pili alikwenda kumsalimu rafiki, na gari likasifiwa barabarani. Ya tatu mgongo ulimsumbua, Mkunga akampa ule mto autie kiunoni, ukamfaa sana, ukabaki huko.

Wiki ya tisa, Jumanne, Mama Mdogo alifariki.

Waliondoka saa nane mchana. Bwana Mkubwa alipofungua mlango, usukani ulikuwa umesharudi mahali pake. Mkunga na binti yake walikaa nyuma. Barabara ya kilimani ilikuwa mbovu vilevile kama Mkunga alivyomweleza muuzaji, mawe, makorongo na yote, na gari lilipanda bila kulalamika. Kutoka mlangoni kwake hadi mlangoni kwa mdogo wake zilikuwa dakika ishirini na tano. Mkunga alizitazama kwenye saa yake ya zamani ya kuhesabia mapigo ya moyo, moja baada ya nyingine.

Juu kulikuwa na viti vya kukodi na watu wamesimama. Bwana Mkubwa alizima injini, akapigapiga dashibodi.

"Unaona, Mama? Tulichagua vizuri."

"Ndiyo, baba," Mkunga alisema.

Milango ya nyuma haikuwa tena na vitasa kwa ndani. Wakasubiri, yeye na binti yake, mpaka Bwana Mkubwa alipozunguka kuwafungulia.