Alama kwenye Mbao za Katani

Mwongeli hakumwamini Farouk hata chembe. Mtu gani mwenye duka la mbao za plastiki mjini Kitui atajitolea kumlowekea mwenzake mbao za katani, tena bure? Lakini bahari haifiki Mbooni alikoishi Mwongeli, na Farouk ndiye aliyeletewa mitungi ya maji ya bahari na mjomba wake Abdulkadir, fundi wa mashua huko Pwani. Mbao hizo za nyuzi na gundi zikistahimili miezi mitatu ndani ya maji ya chumvi, mzee angezitumia kwa viti vya mashua zake. Zikishindwa, Mwongeli angefunga karakana alikozitengenezea.

Kabla ya kuzikabidhi alizigeuza moja moja, akachanja kila ubao katikati upande wa chini kwa kisu. Hakumwambia mtu. Akizibadilisha nitamshika, alijiambia. Kisha kila siku ya soko alipita dukani kuchungulia pipa zilimolowekwa, akisingizia kununua misumari. Misumari aliyorudi nayo ingetosha kuezeka kanisa.

Siku ya kupima, Abdulkadir alikuja dukani, akaweka ubao mkavu juu ya matofali mawili, akaupakia saruji. Ulibeba mifuko minne. Wa kwanza kutoka kwenye pipa ulikatika kwa mfuko wa pili. Wa pili vilevile. Wa tatu vilevile.

Hasira zilimpanda Mwongeli. Aliinama kutafuta alama, amuumbue Farouk mbele ya mjomba wake. Alama ilikuwepo. Ubao ulikuwa umekatikia hapohapo.

"Nani amechanja hapa?" Abdulkadir aliuliza. "Gundi ilikuwa imefunika nyuzi, halafu mtu akayafungulia maji njia. Chumvi imefuata uzi mpaka ndani." Alichukua nusu moja ya ubao uliokatika, isiyo na alama katikati, akaipakia mifuko mitatu. Haikutikisika.

Farouk aliinamisha kichwa. "Labda ni vijana wangu wa dukani, mjomba. Kosa ni langu."

Mwongeli angeweza kunyamaza, na kazi angepata.

"Ni mimi," alisema. "Nilidhani utazibadilisha, Farouk."

Farouk aliokota kipande, akapitisha kidole kwenye alama.

"Leta zingine, mama," Abdulkadir alisema. "Zisizo na kidonda."

"Nitaleta. Na pipa likae hapahapa kwa Farouk."

"Hapana, mama," Farouk alisema. "Safari hii likae kwako. Kufuli nitaleta mimi, ufunguo ukae nawe."