Taa Zilizoota Pete

Mume wangu ni fundi umeme, na nyumba ya fundi umeme ndiyo yenye umeme mbovu kuliko zote mtaani. Miaka mitatu taa ya jikoni ilipepesa, na soketi ya sebuleni nilikuwa nimeibana kwa gundi ya karatasi. Nikimkumbusha, jibu ni moja: "Kesho, mama watoto."

Kisha akatolewa mtoto wa jicho. Daktari alipokuwa akitueleza masharti, Fundi wangu alikuwa akikagua swichi iliyofungwa upande pale ukutani. Niliyesikia ni mimi: kwa muda ataona pete na miali kuzunguka taa, asiogope, kwa wengi hufifia zenyewe.

Bandeji ilipotoka tu, akaanza. "Mama watoto, taa hii imeota pete! Umeme wa nyumba hii utatuunguza."

Nilifungua mdomo nimwambie. Nikaitazama taa ya jikoni. Nikaufunga.

Sikuwa katili. Nilingoja hadi daktari alipomruhusu kupanda ngazi.

Siku tatu alivuta waya mpya, akabadilisha holda za taa, soketi, swichi. Mimi nilishika ngazi.

"Pete bado ipo?"

"Bado."

"Labda basi inatokea bafuni," nikasema.

Akaenda bafuni.

Jioni ya tatu aliwasha taa ya mwisho, akaitazama, akashuka polepole. Akarudisha bisibisi kwenye mkoba, akaufunga.

"Si umeme. Ni jicho," akasema. "Nimekwisha, mama watoto. Fundi asiyeona taa sawasawa, nani atamwita?"

Niliona haya mpaka masikio yakaniwaka moto. Nikamwambia yote, kuanzia kwa daktari hadi bafuni.

Akaenda kwenye swichi kuu, akaizima. Nyumba nzima giza.

"Alisema muda gani?"

"Labda miezi miwili, mitatu."

"Basi jicho langu litapumzika miezi mitatu. Utapika kwa kupapasa."

Nikamuuliza: "Na pete je?"

"Zimeisha zote," akasema, na humo gizani nikamsikia anacheka.

Aliporudisha umeme, taa ya jikoni iliwaka mara moja, bila kupepesa. Aliitazama kwa muda, pete zake zikiwa palepale. Kisha akafungua mkoba.

"Bafuni nililipua kazi, nilifunga haraka haraka tu," akasema. "Njoo unishikie ngazi, mwongo mkubwa wewe."