Mlango Uliopewa Miguu

Hoteli yetu ya ufukweni, kaskazini kidogo ya mji wa Kigoma, ilifunguliwa tena mwezi wa kumi na mbili ikiwa imepona kabisa. Bosi wetu, Abdulatif, aliitibu kwa mifuko tisa ya chokaa na kibao kipya: KARIBUNI, HAPA HAPAJATOKEA KITU. Mwezi wa tano kitu hicho kilikuwa watu elfu tatu, walioshuka kwenye boti kutoka Burundi wakalala juu ya mchanga ule ule, na kipindupindu kikawafuata hapo hapo. Lakini mgeni akilipia mchanga, mchanga lazima ujifanye haujui lolote.

Mimi ni Kuruthumu, mpishi, mzaliwa wa Ujiji. Siku zile za boti, mama mmoja aitwaye Marcelina alishuka na mabinti wawili na mlango. Wenzake walibeba magodoro na masufuria. Yeye alibeba mlango wa bluu, kitasa chake kikiwepo, alioung'oa nyumbani kwake kabla wezi hawajauwahi. Malori ya kwenda kambi ya wakimbizi hayakupakia milango, kwa hiyo akaniwekea amana kwenye stoo ya jikoni, akabaki na ufunguo.

"Nitaufuata, Mama Yusra," alisema.

Nikamwambia ataukuta. Kwetu Ujiji amana hulindwa kuliko mali ya mtu mwenyewe. Ndivyo tunavyojisifu.

Hoteli ikafungwa, nikakaa nyumbani miezi sita. Niliporudi kazini, mlango ulikuwa umeota miguu minne. Abdulatif alikuwa ameupaka kiwi nyeusi ya viatu upande wa juu, tena na tena, akauweka kwenye baraza linalotazama ziwa. Sasa ulikuwa meza.

"Una mwenyewe huo, bosi," nilimwambia.

"Mwenyewe nani? Mkimbizi akishapanda lori harudi. Au unataka kupumzika nyumbani tena?"

Binti yangu Yusra alikuwa kidato cha pili. Nikarudi jikoni.

Wageni wa kwanza walitoka Dar es Salaam, Bwana Yona na mkewe Catherine, waliokuja kupumzika baada ya taabu kubwa ya kukaa ofisini. Ziwa lilikuwa na mawimbi, wakalalamika. Migebuka ya kukaanga ilikuwa na miiba, wakalalamika. Ila meza waliipenda, kwa sababu kila asubuhi Abdulatif aliwaeleza kwamba ni mlango wa tajiri wa Kiarabu wa Ujiji, wa miaka mia moja na hamsini. Kisha ananiita nishuhudie.

"Kuruthumu ni wa huko huko. Mwulizeni."

"Ndiyo," nasema. "Wa enzi za babu zetu."

Catherine aliupapasa kwa heshima, mkono ukatoka mweusi. "Historia hii," alisema, akijifuta na kitambaa.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ya siku nne. Asubuhi ya nne Marcelina alishuka kwenye bodaboda kutoka Gungu, mjini Kigoma, amekonda, ana kibali cha kutoka kambini siku mbili, na ufunguo shingoni kwa kamba.

"Amahoro, Mama Yusra. Nimefuata urugi rwanje, mlango wangu."

Wageni walikuwa wanakunywa chai juu yake.

Abdulatif akawahi. "Mama, umepotea. Huu ni mlango wa kale wa Ujiji. Kuruthumu, mwambie."

Wote wakanitazama. Marcelina alinitazama kwa imani, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Angenitukana, ningejitetea.

"Nimejenga kibanda cha tofali," alinieleza, utadhani nilimdai sababu. "Mlangoni nimetundika blanketi. Mabinti wamekua. Wanaume wanakuja kulifunua, waone nani amelala humo. Blanketi halina kitasa, Mama Yusra."

Nilimfikiria Yusra wangu. Nikaondoa birika, nikaondoa vikombe, nikaondoa na sahani ya Bwana Yona ikiwa na nusu chapati.

"Huu ni wa kwake," nikasema. "Aliniwekea mimi. Niliwadanganya."

"Sasa sisi tutakula wapi?" Catherine akauliza.

"Mchangani, mama. Hapajatokea kitu."

Tukaupindua. Upande wa chini ulikuwa bado wa bluu. Marcelina akatia ufunguo, akauzungusha. Ulimi wa kitasa ukatoka, ukarudi. Akacheka. Abdulatif akanifukuza kazi hapo hapo, kwa sauti ya chini, wageni wasije wakajua kuna kilichotokea.

Dereva wa bodaboda alisema mlango si mzigo, yeye amewahi kubeba jeneza. Akaufunga kwa mipira nyuma ya kiti, miguu yake minne ikitazama juu. Marcelina akanishika mikono yote miwili.

"Wenzangu waliacha vitu vyao kwa watu, wamerudi wamekanwa," alisema. "Wewe umenitunzia. Mungu akulipe."

Nilitaka kumwambia nimeukana asubuhi tatu mfululizo, mbele ya chai. Nikaitikia amina, viganja vyangu vikiwa vyeusi kwa kiwi.