Vangie Ukutani

Ili simu yake itupe picha ukutani, Teryo alikata matundu matatu kwenye boksi la buti, na ni la tatu tu lililokubali. La kwanza lilikuwa kubwa mno, kioo kikachomoka. La pili lilikwenda upande, picha ikatua darini kwenye utando wa buibui. Kioo chenyewe kilikuwa cha marehemu mama yake, cha kukuzia maandishi, alichokuwa akisomea sala macho yalipomchosha. Ndani ya boksi Teryo alipaka rangi nyeusi iliyobaki kwenye pikipiki, simu akaisimamisha kichwa chini miguu juu, maana kioo hicho kinapindua kila kinachopita ndani yake. Juu ya mfuniko alitoboa tundu, akabandika kopo la maziwa ili sauti itoke nene.

Kazi hiyo ilimla wiki tatu. Feni za watu zilijaa barazani zikingoja kutengenezwa, na wenye feni kila wakija waliambiwa kesho.

"Hilo kopo linakoroma," alisema Manang Dadang, dada yake mkubwa, aliyeishi nyumba ya pili na kushinda nyumba hii. "Umemtengenezea mkeo sinema au pango la popo?"

"Ngoja Jumapili, Manang. Utafunga mdomo."

"Mimi? Labda siku ya kunizika. Na hata hapo mnifunge taya vizuri."

Vangie alikuwa Hong Kong mwaka wa kumi na moja sasa, akipika na kulea watoto wa watu. Alikwenda ili binti yao asome. Binti akasoma, akamaliza, akaolewa mjini Cebu, na mama mtu akabaki kulekule. Mkataba wake ulikuwa unakwisha mwezi Juni. Kila Teryo alipomuuliza kama atasaini mwingine, alijibiwa neno moja: tutaongea.

Mwaka huu sikukuu ya mtakatifu wa kijiji iliangukia Jumapili, siku pekee ambayo Vangie hupumzika. Teryo akaona hapo ndipo pa kumnasia. Siku hiyo kila mlango huwa wazi, na hata usiyemjua huingia, akala, akatoka na chakula kwenye mfuko. Nyumba ikishajaa, Vangie atapiga simu, atokee ukutani mkubwa kuliko kabati, na watu thelathini wamwite kwa sauti moja. Atalia. Akilia, hatasaini. Mpango wote ndio huo. Kwamba mtu anayetokea ukutani anaona tu ndani ya boksi jeusi, hilo halikumpitia kichwani hata kidogo. Angelijuaje, na yeye alijaribu mtambo wake kwa video za majogoo wa kupigana?

Siku ikafika. Nguruwe wa kubanika alilala mezani mzima, ngozi ikimetameta, na kando yake tambi na wali wa nazi uliofungwa majani. Saa sita mchana, jua la Mei likiwa utosini, Teryo aliziba madirisha kwa mablanketi. Watu wakaanza kutoka jasho.

"Teryo, unatupika na sisi?" aliuliza mmoja.

"Nguruwe kapata wenzake," akadakia Manang Dadang, na nyumba ikacheka.

Simu ikaita. Teryo akafunua mfuniko, akaingiza kidole, akabonyeza, akafunika haraka na kuzungusha utepe ili boksi lisicheze. Ukutani pakatokea uso wa Vangie. Ulikuwa hafifu pembeni, lakini ulikuwa yeye, isipokuwa kidoti cha shavu la kulia kilikuwa kimehamia kushoto. Teryo aliduwaa. Hakuwa amemwona mkubwa hivyo hata alipokuwa amelala kando yake. Watu wakaziba vinywa wasiharibu.

"Pang?" Sauti ilitoka kwenye kopo, na Pang ndivyo alivyomwita mumewe tangu binti azaliwe. "Mbona giza? Umeme tena?"

Kwao umeme kukatika si habari. Maongezi mengi ya miaka hiyo kumi na moja walikuwa wameyafanya gizani.

"Ndiyo, umeme," alisema Teryo akijizuia kucheka, akainua mkono kuwahesabia watu. Moja, mbili.

"Afadhali," alisema Vangie.

Mkono ukabaki hewani.

"Afadhali nisikuone. Nimewaacha wenzangu kule tunakopumzikia, nimekuja huku kwenye ngazi nikuambie. Na usinikatize, Pang, ukinikatiza sitaweza tena. Nimesaini. Jumanne iliyopita. Miaka miwili."

Kijiko cha mtu kiligonga sahani mara moja, basi.

"Usinitajie binti, najua amemaliza. Wala si pesa. Mwaka juzi nilipokuja likizo ulinitolea sahani za wageni. Nyumbani kwangu, Pang, sahani za wageni! Nikaingia jikoni kupika, sikujua chumvi inakaa wapi. Dada yako ndiye aliyenionyesha, tena kwa upole, na upole wake uliniuma kuliko maneno yake ya siku zote. Watu walikuja kunisalimia, na kila mmoja aliangalia mikono yangu kwanza, nimeleta nini. Nilikuwa nalala nahesabu siku za kurudi huku. Huku nalala kwenye chumba kama kabati, ukinyoosha mguu unagonga ukuta. Lakini chumvi najua ilipo."

Teryo aliweka kucha kwenye utepe, kisha akaiondoa. Akifungua, Vangie atawaona wote: walioangalia mikono yake, wametoa macho, wana nguruwe mdomoni. Ingekuwa sawa na kumvua nguo sokoni. Na yeye ndiye aliyewaita, yeye na ujuzi wake. Aliona aibu, na chini ya aibu kulikuwa na uchungu ambao hakujua ampelekee nani.

Wa kwanza kuinuka alikuwa Manang Dadang. Alivua ndala, akazishika mkononi, akawaangalia wengine kidole kikiwa midomoni. Yeye, ambaye hakuwahi kunyamaza hata kanisani. Akafungua mlango. Mwanga wa mchana ukaingia na uso wa Vangie ukafutika wote ukutani. Mlango ulipofungwa Vangie akarudi, bado anaongea. Akatoka wa pili, uso ukafutika tena. Wakatoka mmojammoja na wawiliwawili, peku, na kila mara Teryo alimpoteza na kumpata. Hakuna aliyegusa mifuko ya chakula iliyopangwa mlangoni.

"Nilidhani nikikuambia nitalia," alisema Vangie. "Silii. Hilo ndilo linanitisha. Pang, unanisikia?"

"Nakusikia."

"Umekasirika?"

"Chumvi iko kwenye kopo jekundu," alisema Teryo. "Juu ya friji."

Ukutani, Vangie alikuwa amefunika mdomo kwa kiganja.

"Nasikia viti," alisema baadaye. "Una wageni? Leo si sikukuu? Niambie kweli, una watu hapo?"

Mzee wa mwisho alikuwa kizingitini, anahangaika kuvuta mlango bila kuupigiza. Teryo alingoja. Ukuta ulikuwa mweupe mtupu, kisha komeo likalia polepole na uso wa mkewe ukarudi, umeinama mbele, unachungulia giza.

"Hapana," alisema. "Niko peke yangu."