Usingizi Katika Uwanja wa Tatu

Mzee Joel Chilewa alijifunza gofu akiwa mtu mzima, akiwa bado mpima ardhi, wakati wizara zilipohamia Dodoma na wakubwa wakaanza kumalizia maongezi ya ofisini uwanjani. Uwanja aliojifunzia ni wa nchi kavu. Una miiba na vumbi, na kuzunguka kila shimo hakuna majani bali mchanga uliochanganywa na oili chafu, ili upepo usiubebe. Wakati wa kiangazi mpira ukitua hudunda kama umeangukia saruji. Mkewe, Hilda, alikuwa akimsubiri ndani ya gari na ufumaji wake. Siku moja alichoka kusubiri, akaomba fimbo, na haikupita miaka mingi akawa anamshinda.

Baada ya kustaafu, Joel alikuwa akiangalia mashindano kwenye televisheni mpaka anasinzia. Alipenda vile viwanja vya kale vya Ulaya, vilivyo juu ya mchanga kati ya bahari na mashamba, visivyo na miti, ambako upepo ndio mpinzani. Binti yao wa mwisho, Priska, alikuwa muuguzi katika nyumba ya kutunzia wazee, kaskazini mwa Uskoti. Yeye ndiye aliyewaita. Alimwambia baba yake kwa simu kwamba vile vya kwenye televisheni hawataviweza, kwa kuwa watu hujiandikisha mwaka mzima kabla. Lakini pwani ya kwake kulikuwa na viwanja vidogo ambavyo hata wenyeji wengi hawavijui. Unafika, hukuti mtu, unatia ada kwenye sanduku la mlangoni, unacheza. Angechukua likizo, awaendeshe kimoja baada ya kingine.

Kabla ya kuondoka, Joel alikwenda Chamwino kumuaga dada yake mkubwa, Generosa. Generosa ndiye aliyemlea Priska alipokuwa mdogo, Hilda alipokuwa masomoni, na mpaka leo humwita mwanangu. Alimsikiliza mdogo wake akieleza safari, kisha akamwambia kwamba mtoto amekaa huko vya kutosha. Kituo cha afya kipya kilikuwa kinatafuta wauguzi, kiwanja chake cha kujenga kule Zuzu kilikuwa kinaota nyasi, na wenzake wote walikwisha kuolewa.

"Mwambie arudi," alisema. "Usiniletee hadithi za mipira. Niletee jibu."

Joel aliahidi, na hakuahidi kwa kulazimishwa. Yeye mwenyewe alitaka binti arudi.

Walifika wamevimba miguu. Priska aliwapokea uwanja wa ndege amevaa koti kubwa lililomfanya aonekane mdogo kuliko umri wake. Hilda alimshika mashavu, akamtazama kwa muda.

Uwanja wa kwanza ulikuwa pembeni ya kijiji cha wavuvi, nyuma ya makaburi. Kondoo walikuwa wakila nyasi karibu na shimo la pili. Joel alishangaa alivyocheza vizuri. Chini ya yale majani mafupi ardhi ilikuwa ngumu, mpira ukikimbia kama unavyokimbia kwao mwezi wa tisa, na upepo haukumtisha mtu aliyezoea upepo wa Dodoma. Alipiga chini chini, akauacha mpira utambae wenyewe. Mzee mmoja wa pale alisimama na mbwa wake kumtazama, akauliza kwa heshima alikojifunzia kupiga hivyo. Joel akasema, katikati ya Tanzania, mbali na bahari. Mzee akaitikia kwa kichwa kama aliyeambiwa jambo la maana.

Hiyo ndiyo ilikuwa siku nzuri. Uwanja wa pili mvua iliwapata mapema, mvua nyembamba ya ubavuni isiyonyesha wala kukoma. Goti la Joel likaanza kukataa miinuko. Hilda alipata mafua, akawa anapiga mpira kisha anapenga kamasi. Priska alivuta mkoba wa fimbo wa mama yake juu ya vilima vya mchanga, akicheka kila baba yake alipokosea, ila kicheko kilichelewa kidogo, kama simu ya mbali. Hakuna aliyesema kwamba amechoka. Joel aliona binti amejitolea siku zake, atawezaje kulalamika. Hilda aliona mume amesubiri safari hii miaka. Walirudi kwenye gari wamelowa, wakala mikate baridi ndani ya vioo vilivyojaa ukungu, na Joel akasema uwanja ni mzuri sana.

Kila walipokaa kula aliyapanga maneno ya Generosa mdomoni, na kila mara Priska alikuwa amekwisha kuinuka, kuosha vyombo, kukunja nguo, kuangalia ramani ya kesho. Hakupata nafasi. Au labda hakuitafuta.

Uwanja wa tatu ulikuwa mbali zaidi, mwisho wa barabara nyembamba. Paliandikwa neno karibu kwenye ubao uliopauka, na hapakuwa na mtu. Mashimo ya mwanzo yalifuata ufukwe, bahari ya kijivu ikipumua upande wa kushoto. Kwenye shimo la saba Joel aliupoteza mpira wake katika nyasi ndefu, akaenda kuutafuta, akipekua kwa fimbo huku goti likimuuma. Aliutafuta zaidi ya muda unaoruhusiwa na sheria za mchezo. Hakuupata. Aliporudi alimkuta Hilda amesimama kimya mbele ya kibonde kati ya vilima viwili vya mchanga, mahali upepo usipofika.

Priska alikuwa amelala humo. Alikuwa amekaa apumzike kidogo, na usingizi ukamchukua hapohapo, kichwa kimeegemea mchanga, mdomo wazi, mkono bado umeshika mkanda wa mkoba. Hilda alikuwa amekwisha kuvua koti lake na kumfunika.

Joel alisogea amwamshe. Kulikuwa na watu nyuma yao, aliwaona wakija kwa mbali.

"Mwache," Hilda alisema.

"Watu wanakuja, mama Priska."

"Waache wapite. Mwache mtoto alale."

Akaketi, akamvuta mumewe aketi. Kwa sauti ya chini akamweleza aliyokuwa ameyaona tangu wafike, naye Joel hakuyaona. Viatu vya kazi vya Priska vilikuwa vimelowa mlangoni kila asubuhi. Sare yake ilikuwa ikikauka bafuni nyuma ya taulo. Hakupewa likizo yote aliyoomba, kwa hiyo alikuwa akienda kazini wao wakilala, anarudi kabla hawajaamka, anapika chai, kisha anawasha gari na kuwaendesha kwenda kucheza.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu siku ya pili."

"Na hukuniambia."

"Ungemuuliza, naye angekataa. Halafu angejificha vizuri zaidi."

Joel alitazama bahari. Alisikia uchovu ambao haukuwa wa goti wala wa safari, uchovu wa mtu aliyebebwa huku akidhani anatembea. Wachezaji wale wakafika, wanawake wawili wa makamo wenye kofia za sufu. Joel akainuka, akawaonyesha kwa mkono wapite. Walipoona binti amelala, mmoja aliweka kidole mdomoni, wakapita wakinyata, na hawakupiga mipira yao mpaka walipofika mbali. Baada yao akapita mtu mmoja peke yake, naye akafanya vivyo hivyo.

"Ndiyo maana nataka arudi," Joel akasema hatimaye. "Aache maisha haya."

Hilda alijifunga kitenge mabegani, maana koti lilikuwa kwa mtoto. "Akirudi atachoka vilevile, baba Priska. Ila kule atachoka akituhudumia sisi, na tutamwita amebarikiwa."

 Maji ya bahari yakaendelea kurudi nyuma, yakiacha mchanga uliolowa na mwani mweusi, na wao wawili wakakaa pale bila kucheza wala kuongea, wakimlinda mtoto mwenye zaidi ya miaka thelathini kama walivyomlinda alipokuwa na surua.

Priska alipoamka jua lilikuwa limeshuka. Aliona koti, akaona wazazi wake wamekaa wamejikunja kwa baridi, akaelewa. Aliomba samahani mara nyingi, akaanza kutafuta fimbo, akasema bado wanaweza kumaliza mashimo yaliyobaki kama wakienda haraka. Hilda akamshika mkono akae.

"Baba," Priska akasema, akiangalia mchanga. "Najua ulilokuja kuniambia. Shangazi alinipigia kabla hamjapanda ndege."

Joel akaiweka fimbo yake chini.

"Sirudi. Sisemi kamwe, nasema sijui. Hapa nachoka, lakini nikifunga mlango wangu, nimefunga mlango wangu. Sijui kama unanielewa."

Joel hakuwa na uhakika kama anaelewa. Alikuwa amekuja na hoja, kituo cha afya, kiwanja, umri, na zote zilikuwa palepale mdomoni, lakini kila aliyoitazama ilionekana ni mzigo mwingine wa kumpa mtu ambaye ametoka tu kulala kwenye mchanga.

"Twende nyumbani," akasema. "Ukalale kitandani."

Hawakumaliza uwanja ule. Siku zilizobaki hawakucheza tena. Priska alipinga, akasema uwanja wa mwisho ndio mzuri kuliko vyote, baba aliutaka tangu mwanzo, lakini Joel alisema goti limemshinda, na goti kweli lilikuwa limevimba. Hilda alipika ugali wa unga wa mtama aliokuja nao, akapika mlenda wa kukausha, na nyumba ile ndogo ikanukia Chamwino. Priska alikuwa akirudi kutoka kazini anakula, analala mpaka alasiri. Joel alikuwa akikaa dirishani akiangalia mvua, akizima redio kila aliposikia mlango. Siku ya kuondoka Priska alilia kidogo uwanja wa ndege, nao wakalia kidogo, kisha wakasimama kwenye foleni.

Dodoma waliikuta kavu. Joel alikaa wiki nzima kabla ya kwenda Chamwino. Alipofika, Generosa alikuwa uani akichambua karanga kwenye ungo. Walisalimiana, akaulizwa habari za ndege, za baridi, za mafua ya Hilda. Kisha Generosa akaacha karanga.

"Jibu."

"Harudi, dada. Kwa sasa harudi."

Generosa alikasirika, tena kwa haki. Alisema alimtuma kwa neno moja tu, naye amekwenda kutembea ufukweni na fimbo. Alisema kama angekwenda yeye, mtoto angekuwa hapa. Joel alimwacha aseme mpaka akamaliza.

"Nilimkuta amelala," akasema. "Tulikuwa tunacheza, nikageuka, nikamkuta amelala chini, mchangani, kama mtu aliyeangushwa. Nikashindwa kusema."

Dada yake akausukuma ungo kando.

"Alikuwa anaumwa?"

"Hapana. Amechoka tu."

Generosa akarudi kwenye ungo, akachambua kidogo, akatupa mbovu kwa kuku. Alipouliza tena, sauti yake ilikuwa imeshuka, nayo haikuwa na jibu lolote la kudai.

"Mlimfunika?"

"Mama yake alimfunika."

Akaitikia kwa kichwa, akasogeza kigoda kwa mguu ili mdogo wake akae, goti lile lisizidi kumsumbua, na wakachambua karanga pamoja mpaka zikaisha.